Paka Shume Ataka Kujua Mbari za Kuku

Paukwa.

— Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa.

— Pakawa!

Pakawa na ua wa makuti. Ndani ya ua?

— Kuku!

Na nje ya ua?

— Paka!

Haya, nusu ya ngano mmeshaitaja wenyewe. Nusu iliyobaki ni yangu. Na wewe unayetafuna muhogo hapo mlangoni, tafuna kimya kimya, au njoo usimulie wewe mimi nitafune.

Hapo kale, tena si kale sana, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Mwanakheri. Alifuga kuku uani kwake, na kuku hao hakuna aliyefanana na mwenzake. Alikuwako Kuchi, jogoo mrefu, miguu mirefu, kifua mbele, ambaye akitembea lazima atazame kama anatazamwa. Alikuwako Kibwenzi, mwenye shungi la manyoya utosini, na vifaranga vyake nyuma. Alikuwako Kidimu, manyoya yake yamejikunja kinyume, ukimwona utadhani alizaliwa kwenye upepo na upepo haujakoma mpaka leo. Alikuwako Bi Kishingo, mzee wao, shingo tupu, nyekundu, haina hata unyoya mmoja. Na alikuwako Kibutu, mdogo kuliko wote, hana mkia. Hana kabisa. Ulipoishia mgongo ndipo alipoishia kuku.

Sasa sikilizeni tabia zao. Kuchi alikuwa akisema yeye ni kuchi mtupu, damu ya wapiganaji, na babu yake alipigana mpaka akasahau kula. Kibwenzi akisema mwenye shungi hahitaji kilemba. Kidimu akisema kuku kama yeye waganga wanamtafuta mji mzima hawampati. Wakishamaliza kujisifu, wote watatu humgeukia Bi Kishingo.

"Shingo kama ya tai."

"Huyo sufuria ikimwona itadhani keshanyonyolewa."

Bi Kishingo alikuwa hawajibu. Anaparura, para para para, akipata mchwa anamwita kifaranga aliye karibu. Kifaranga wa nani, haulizi.

Kibutu naye walimcheka, ila Kibutu alikuwa na mdomo. Ukimwambia huna mkia, anakwambia, "Na wewe unao, umekufikisha wapi? Sote tunalala banda moja."

Basi, siku moja Bi Mwanakheri akaletewa habari kwamba bintiye amejifungua. Akafunga nguo zake kwenye kanga, akaenda kumlea mzazi mji wa pili. Kuku akamwachia jirani. Na jirani mwenyewe mnamjua, kila mtaa unaye. Anakuja na pumba, anairusha juu ya ua, shwaa, anarudi kwenye bao lake. Hachungulii. Kuku wakiwa hai pumba imefika, wakiwa wamekufa pumba imefika.

Jambo hilo Paka Shume akaliona.

Shume ni dume la paka lisilo na mwenyewe. Huyu alikuwa na kichwa kikubwa, sikio moja limechanika, na tumbo lililomtangulia kila anakokwenda. Samaki wa watu alikula. Vifaranga vya watu alikula. Maziwa ya mtoto alikunywa, na mtoto akachapwa yeye.

Adhuhuri moja, watu wamelala, jua kali, Shume akaja. Nyata, nyata, nyata. Akaruka ua, akatua juu ya kinu kilichopinduliwa, pu. Kuku wakakimbilia pembeni wakasongamana. Shume akakunja mkia wake vizuri, akaimba:

*Kuku, kuku wa uani,*
*wewe mtoto wa nani?*
*Nitajie mbari yako,*
*nijue nafasi yako.*

Akasema, "Msiogope, jamaa zangu. Nimesikia bibi yenu kasafiri, nikasema niwalinde. Lakini mlinzi lazima ajue anamlinda nani. Kila mmoja anitajie mbari yake, ukoo aliotoka, basi, hilo tu."

Kibutu akasema kutoka pembeni, "Na mbari isipojulikana, huwezi kulinda?"

"Siwezi, we mdogo."

"Mwewe akija utamuuliza kwanza anataka mbari gani?"

Shume akajifanya hakusikia. Lakini Kuchi alishatoka mbele. Aliposikia neno mbari, akasahau kwamba anayeuliza ni paka. Wako watu wa namna hiyo, na msinitazame mimi.

"Bwana Shume," akasema Kuchi, "hapa umemkuta anayejua. Mimi, kama unavyoona miguu, ni kuchi. Huyu ni kibwenzi, tazama shungi. Huyu ni kidimu, tazama manyoya. Yule asiye na mkia ni kibutu, huyo hata usimhesabu. Na yule bibi kule, uniwie radhi kumtaja mbele yako, ni kishingo."

Shume aliposikia kishingo akajivuta nyuma kidogo, karibu aanguke kutoka kinuni. Halafu akamtazama Kibwenzi. Masharubu yakamcheza.

"Kwa hiyo huyu ni kibwenzi hasa?"

"Hasa," akasema Kuchi.

"Hana udugu na yule bibi?"

"Hata kidogo."

Na Kibwenzi mwenyewe, maskini, akatikisa shungi lake akasema, "Mimi na yule? Mungu apishe mbali."

Pu! Kwaa, kwaa, kwaa. Vumbi likatimka. Vumbi lilipotulia, Kibwenzi hayuko. Limebaki shungi la manyoya mchangani, na vifaranga vinalia, pio, pio, pio. Hapo msicheke. Mama wa watoto ni mama wa watoto, hata akiwa na maringo. Bi Kishingo akatandaza mabawa yake, akavikusanya vile vifaranga vyote chini yake, akakaa.

Shume akala, akajilamba. Na mlafi akishiba hawezi kunyamaza. Kibutu akasogea, karibu vya kutosha kusikika, mbali vya kutosha kutokamatika.

"Bwana Shume, nina swali la kijinga."

"Uliza."

"Bi Kishingo ni mzee, hakimbii, na umempita ukienda kumkamata Kibwenzi. Mbona hukumgusa?"

Shume akainua kidevu. "Unaiona shingo hii? Kipupwe kilichopita ilikuwa imeoza kwa ukurutu. Nikaenda kwa Bundi, mganga. Akanipaka dawa, nikapona. Lakini akanipa mwiko: nisile kuku wa kishingo, wala mtoto wake, wala mjukuu wake. Nikila, ukurutu unarudi, na ukirudi hauna dawa."

"Wala mtoto wake."

"Wala mtoto wake. Ndiyo sababu nauliza mbari. Mimi si mla ovyo."

"Naona," akasema Kibutu.

"Kesho nitamla Kidimu. Halafu Kuchi, kwa heshima zake. Halafu wewe, ingawa kwa nyuma sijui nitashika wapi." Akaruka ua, akaenda zake kulala.

Kuku wakakusanyika. Kidimu analia, manyoya yote yanatetemeka. Kuchi anazunguka zunguka.

"Mimi sikujua," akasema Kuchi.

"Ulijua ni paka," akasema Kibutu. "Hilo tu lilitosha."

Halafu akamwendea Bi Kishingo, akainama kidogo kama mtu anayemheshimu mkubwa wake. "Bibi, hapa uani wewe umezaa wangapi?"

Bi Kishingo akafikiri. "Mjukuu wangu, nitajuaje? Bi Mwanakheri hukusanya mayai yote. Yangu, ya Kidimu, ya marehemu Kibwenzi. Anayatia kapu moja. Kuku wa kwanza kutaka kuatamia anamtia kwenye chungu cha majivu na kumwekea mayai yote, ya nani na ya nani, hayana alama. Mimi nimeatamia ya wenzangu, wenzangu wameatamia yangu. Yakianguliwa, mmoja ana shingo tupu, mwingine ana manyoya mpaka masikioni. Mimi siulizi. Anayelia namwitia mchwa."

"Kwa hiyo mimi naweza kuwa wako."

"Unaweza."

"Na Kidimu?"

"Anaweza."

"Na Kuchi?"

Bi Kishingo akamtazama Kuchi kutoka kucha mpaka upanga wa kichwani. "Kiburi kile sikumpa mimi. Lakini miguu ile ilikuwa ya marehemu mume wangu."

Kuchi akapandisha manyoya. "Mimi? Mimi kuchi mtupu. Sitamwita mama mtu mwenye shingo uchi, hata kwa kufa."

"Basi usimwite," akasema Kibutu. "Nani kakushika?"

Kidimu naye akapangusa machozi akaanza kusitasita. "Lakini nikisema mimi mtoto wa kishingo, jina langu si litaharibika? Waganga watasemaje?"

"Waganga wanakutafuta wakuchinje, wewe umefanya ni sifa."

Kidimu akasogea karibu na Bi Kishingo.

Kibutu akapanda juu ya chungu cha majivu. "Sikilizeni. Kesho akija, hakuna kukimbia. Hakuna kulia. Na hakuna kumwomba. Tunamwambia, hatumwombi. Asije akadhani tunatubu kwa kuwa watoto wa Bi Kishingo. Siku zote tumemcheka huyu mama, na leo shingo yake ndiyo inayotufunika sote. Mwenye haya na aone haya sasa, kesho hatuna nafasi."

Kesho yake, adhuhuri, jua lile lile. Nyata, nyata, nyata. Pu, juu ya kinu. Shume akaimba:

*Kuku, kuku wa uani,*
*wewe mtoto wa nani?*

Akanyamaza katikati ya wimbo. Kuku hawakukimbia. Wamesimama mstari mmoja, Bi Kishingo katikati, vifaranga mbele. Shume hakupenda. Chakula kisichokimbia kinatia wasiwasi.

Akashuka, akamwendea Kidimu. "Wewe mtoto wa nani?"

Kidimu akainua kichwa. "Wa Kishingo."

"Mbona shingo ina manyoya?"

"Ya baba."

"Kuchi alisema wewe ni kidimu."

"Kuchi alikutajia manyoya. Wewe hukuuliza mama."

Shume akamnusa, akapiga chafya, akamwendea kifaranga. "Na wewe mtoto wa nani?"

"Pio. Wa Kishingo."

"Mbona shingo ina manyoya?"

"Ya baba."

Akamwendea kifaranga mwingine. Wa Kishingo. Mbona shingo ina manyoya? Ya baba. Mwingine. Wa Kishingo. Ya baba. Mpaka akafika kwa Kibutu.

"Na wewe ni wa Kishingo?"

"Na mimi ni wa Kishingo."

"Mbona huna mkia?"

"Mkia nao ni wa baba. Hakuwa nao."

Shume akakasirika. "Mnanidanganya. Nimeambiwa hapa kuna mbari, kila mtu na yake."

Kuku wakamwimbia, wote, na vifaranga:

*Paka, paka wa jaani,*
*sote ni wa humu ndani.*
*Mama yetu ni Kishingo,*
*shika njia na maringo.*

Shume akageuka. Akamwona Kuchi, amesimama peke yake upande wa pili, kifua mbele, hakuimba. Sauti ya Shume ikawa laini kama samli. "Na wewe, bwana mkubwa? Wewe ndiye mkweli wa hapa. Nawe ni wa Kishingo?"

"Mimi?" akasema Kuchi. "Mimi kuchi mtupu. Yule bibi simjui."

"Mtupu kabisa?"

"Kabisa."

"Hakuna hata tone la kishingo?"

"Hata tone."

"Alhamdulillahi," akasema Shume. Akamrukia.

Hapo ndipo Kuchi alipokumbuka miguu mirefu ni ya kazi gani. Tii, tii, tii, akazunguka kinu. Shume nyuma. Tii, tii, tii, akazunguka banda. Shume nyuma. Kuchi akageuka kama mpiganaji, akamwona Shume kwa karibu, akaghairi. Shume akapiga ukucha, nyakua! Mkia wa Kuchi wote ukabaki mkononi mwa paka. Na yule aliyesema hata kwa kufa, kifo kilipomgusa kwa nyuma, akapata mdomo.

"Mama! Bi Kishingo, mama yangu! Mama, nakufa!"

Bi Kishingo akainuka. Hakukimbia, hakujua tena kukimbia. Akaenda zake taratibu na shingo yake tupu, akasimama katikati ya paka na jogoo, na yule jogoo mzima, mrefu kuliko banda, akajiingiza chini ya bawa lake. Kikaingia kichwa tu.

"Huyu ni wangu," akasema Bi Kishingo. "Hanitaki, lakini ni wangu."

Mkono wa Shume uko juu, kucha nje. "Unasema uongo, bibi. Mwenyewe kakana."

"Basi mle," akasema Bi Kishingo. "Mle uone. Mimi sina unyoya shingoni, wala haya sina. Anza."

Shume hakuanza. Mate yanamtoka, mkono haushuki.

Kibutu akasema pole pole, "Mle, Bwana Shume. Si ulimla Kibwenzi jana, naye tumetoka kapu moja la mayai?"

"Kibwenzi alisema hamjui huyu bibi."

"Kuchi naye alisema hivyo hivyo. Msikilize sasa."

Kutoka chini ya bawa ikasikika, "Mama, mama, mama."

Shume akashusha mkono. Akameza mate. Akafikiria yale aliyoyala jana, na yale aliyoambiwa na Bundi.

"Kwani unawashwa?" akauliza Kibutu.

"Siwashwi."

"Hapo chini ya sikio. Huwashwi?"

"Nimesema siwashwi," akasema Shume, na akajikuna. Kwaru.

Kuku wakatazamana.

"Siwashwi," akasema tena. Kwaru, kwaru. "Ni kupe tu." Kwaru, kwaru, kwaru. Manyoya yakaanza kuruka. Akakuna kushoto, akakuna kulia, akajisugua kwenye kinu, akajisugua kwenye nguzo ya banda. Kila akijikuna anaogopa, kila akiogopa anawashwa. Alipokuja kusimama, shingo yake ilikuwa tupu, nyekundu, haina hata unyoya mmoja.

Kibutu akamzunguka, akamtazama sawasawa. "Shingo hiyo, bwana, ya mama au ya baba?"

Shume akaruka ua, akakimbia mpaka kwa Bundi. Bundi akafungua jicho moja. "Ulimla?"

"Nilimla."

"Nilikwambia usile." Jicho likafungwa.

Tangu siku hiyo Shume hawezi kunyatia. Ananyata, nyata, nyata, kisha anasimama kujikuna, kwaru, kwaru, kwaru. Kuku wanamsikia kutoka mtaa wa pili. Wanakusanya watoto, wanaingia bandani, wanamsubiri apite. Anayebaki nje ni Kibutu, kwa kupenda kwake, ili amwamkie kwa jina lake jipya, Paka Kishingo. Shume amekonda, tumbo sasa linamfuata. Samaki wa watu sasa wanafika mezani.

Bi Mwanakheri akarudi na habari za mjukuu. Akahesabu kuku, Kibwenzi hayuko, akasikitika. Vifaranga vya Kibwenzi akavikuta chini ya Bi Kishingo, vimenenepa. Halafu akamwona Kuchi kwa nyuma.

"Hee," akasema, "kumbe nina vibutu wawili?"

Kuchi akafungua mdomo aseme yeye ni nani. Akasikia ng'ambo ya ua, kwaru, kwaru. Akaufunga. Akaenda kuparura pamoja na Bi Kishingo, akapata mchwa, akasimama kidogo akimtazama. Halafu akamwita kifaranga aliye karibu.

Ngano yangu imefika kizingitini, viatu nishavaa. Ikiwa tamu, mgawieni jirani asiyechungulia kuku wa watu. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, mimi chungu nimezoea.

Nini tena, wewe wa muhogo? Kama Bi Kishingo alikuwa mama yake kweli? Ulikuwako mayai yakitiwa kapuni? Mimi sikuwako. Hata kuku hawakujua, wakaishi.

Na funzo mnalitaka, najua, hamwezi kula bila kuuliza chumvi. Haya, shikeni, tena mkawaambie watoto wenu. Kila kuku aijue mbari yake, ailinde isichanganyike, na akiulizwa aitaje kwa sauti kubwa, hasa anayeuliza akiwa ni paka.